Siku Niliyofagia Utafiti wa Binti Yangu

Nilifagia miaka mitatu ya chuo kwa dakika tano. Tena huku naimba wimbo wa kumshukuru Mungu.

Mimi ni mjane. Shule yangu iliishia darasa la saba. Nasafisha ofisi za watu kuanzia alfajiri, saa nne narudi nyumbani. Kazi yetu ina sheria: karatasi ikiwa chini, okota, panga kwa ukubwa, weka mezani. Usisome. Karatasi za watu hazisomwi.

Siku ile narudi, nakuta sebule imejaa vikaratasi sakafuni, toka mlangoni mpaka kwenye kochi. Binti yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Profesa, yuko bafuni.

Nikashika ufagio, nikafanya kazi yangu. Vikubwa chini, vidogo juu, ncha sawasawa.

Akatoka na taulo kichwani.

"Mama, vikaratasi viko wapi?"

"Hivyo hapo mezani. Nyumba ilichafuka, mwanangu."

Akakaa chini palepale kama mtu aliyekatwa miguu.

Kumbe ule haukuwa uchafu. Ulikuwa mpangilio wa utafiti wake, kila kikaratasi hoja moja: hapa utangulizi, pale tatizo, kule waliyoandika wengine, mpaka hitimisho. Msimamizi wake alishamrudishia mara mbili. "Maneno mengi, swali silioni." Ya tatu ndiyo ya mwisho. Saa kumi jioni asipopeleka mpangilio unaoeleweka, jina linatolewa chuoni.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Kimenuka.

"Si uliweka namba?"

"Namba ningeweka nikimaliza kuvihamisha, mama!"

Kilio chake kikamleta jirani yetu, mshona magauni. Kichwa dirishani.

"Kuna msiba humu?"

"Hakuna. Nimefagia tu karatasi zake za chuo."

"Basi Profesa leo kafelishwa na ufagio!"

"Shoga, rudi kwenye cherehani yako."

Akaondoka anacheka. Ee Mungu, nimembomolea mwanangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikapiga magoti sakafuni.

"Soma kimoja kimoja. Kila kimoja niambie kinajibu nini."

"Hutaelewa, mama."

"Basi nieleweshe. Nisichoelewa, kando."

Utafiti ulihusu wagonjwa wa presha wanaoacha dawa. Akawa anasoma. Kila aliposema, "Hiki nimekiweka tu, kimo kitabuni," nakisukuma chini ya kochi.

Kufika saa saba, lundo la chini ya kochi lilikuwa kubwa kuliko lililobaki.

"Nimebaki mtupu," akasema. Sauti haikuwa na machozi tena, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Akaokota kingine.

"Na hiki sijui kiende wapi. Mhojiwa wa kumi na nne, mjane. Dawa anazo ndani, hamezi. Mzembe tu."

"Nisomee maneno yake."

"'Nikimeza asubuhi zinanipeleka chooni kila mara, na vyoo vya ofisini sisi wasafishaji haturuhusiwi. Nitameza mwanangu akimaliza chuo.'"

Nikakishika kile kikaratasi.

"Huyo si mzembe."

"Unamjuaje?"

Nilitaka kumdanganya. Lakini nilikuwa nimepiga magoti, na mtu hadanganyi akiwa kwenye magoti.

Dada mmoja, mwanafunzi mwenzake binti yangu aliyemsaidia kuhoji, alinikuta kliniki. Hakutaka jina langu, nami sikuuliza fomu ni ya nani.

"Ni mimi. Dawa ziko nyuma ya kopo la chumvi," nikasema. "Huu mwezi wa saba sijazigusa."

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Akakichukua kile kikaratasi, akakiweka juu ya vyote. Akaandika chini yake: *Kwa nini mwenye dawa nyumbani hamezi?*

Basi. Vilivyobaki vikapata pa kwenda. Swali, wengine walisema nini, yeye aliwauliza kina nani, walimjibu nini, nini kifanyike. Vingine hata vikatoka chini ya kochi, maana sasa vilikuwa na kazi.

Saa tisa amenakili, amevaa viatu. Mlangoni akageuka.

"Kesho kliniki, mimi na wewe. Wakupangie dawa inayoendana na kazi yako. Ukikataa, sitoki."

"Nenda, nitakwenda."

"Apa."

Nikaapa.

Jioni akarudi. Uso haukusomeka.

"Kasemaje msimamizi?"

"Kasoma ukurasa wa kwanza, kavua miwani. Kauliza kitu kimoja tu."

"Kipi?"

"Kama mhojiwa wa kumi na nne bado yuko hai."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia yuko hai, ila mbishi. Kaweka sahihi."

Tukacheka mpaka tukalia.

Ndugu unayesoma haya, kila alfajiri nilimwomba Mungu anipe uhai nimwone mwanangu akivaa joho. Alishanipa. Mimi ndiye niliyekuwa nakataa kumeza.

Na usimwite mtu mzembe kabla hujamuuliza. Huenda ni mama yako.