Hati za Miaka Saba

Siku yangu ya kwanza ya kazi kwenye makumbusho nilifika nimevaa glavu nyeupe. Mhifadhi wa Elimu, yaani msimamizi wa masomo ya wanafunzi, mama Mwingereza mzaliwa wa papa hapa Birmingham, ndiye aliyekuwa bosi wangu. Alinipa shoka la jiwe la watu wa kale, akasema, "Vua hizo. Kwetu watoto hushika vitu." Mimi nilijua makumbusho ni mahali pa kukaripiwa usiguse!

Tuliliita somo la kushika. Darasa lilikuja kwa basi kutoka Ladywood au Balsall Heath, mitaa ya maskini na wahamiaji, tukafungua masanduku, kila mwanafunzi akashika kitu na kuuliza atakalo. Leo nyinyi vijana mnaona ni kawaida. Miaka ile ya sabini yule mama alilipigania kila basi.

Mabasi yalilipiwa kwa hati za ahadi. Mfadhili alitia sahihi kwamba atachanga kila mwaka kwa miaka saba, na ofisi ya kodi ikaturudishia sisi kodi aliyokwisha kukatwa kwenye mchango huo. Basi mfadhili wetu mkubwa akafariki. "Tusipopata hati mpya mwezi huu," Mhifadhi akaniambia, "shule za Balsall Heath hazitakuja tena."

"Niachie mimi," nikajigamba.

Nikaenda kwa kikundi cha wauguzi, Wakenya wenzangu. Tukafanya harambee kama tulivyozoea kwetu: kila mmoja akataja chake, vigelegele vikapigwa, kisha Tabitha, mweka hazina, akatia sahihi hati moja kwa niaba ya wote. Nilirudi ofisini kichwa kimevimba!

Ofisi ya kodi ikairudisha. Anayekatwa kodi ya mshahara ni mtu, si kikundi, kwa hiyo kila muuguzi alipaswa kuahidi kivyake. Jamani, aibu niliyoiona! Nikangoja kufokewa. Mhifadhi akachukua koti lake. "Kosa ni langu, sikukufundisha. Twende tukaanze upya." Nimefanya kazi chini ya wakuu wanne, na hakuna aliyemfikia hata magotini.

Kwa Tabitha tulikaribishwa chai na mahamri. Lakini kila mmoja alipopewa hati yake mwenyewe, vicheko vikaisha.

"Miaka saba?" Tabitha akasema. "Ala! Mimi nilimwambia mama yangu kule Kenya ni miwili tu, kisha narudi."

Alikuwa amesema la wote, hata langu. Ile hati ya kikundi haikumuuma mtu, kwa kuwa kikundi kingebaki hata sisi tukiondoka. Hii ilimtaka kila mtu akiri kwa mkono wake kwamba harudi nyumbani karibuni. Mhifadhi aliliona hilo kwenye nyuso zetu.

"Asiyeweza asitie," akasema taratibu. "Nitabisha hodi kwingine."

Tabitha akajifuta machozi. "Kwani hao watoto wa Balsall Heath ni wa nani? Lete kalamu." Akatia sahihi. Wenzake wakafuata mmoja mmoja, na mimi nikawa wa mwisho.

Shule za Balsall Heath ziliendelea kuja mpaka nilipostaafu. Siku hizi watu huniuliza nilihamia lini Birmingham, nami huwatajia mwaka nilioshuka kwenye ndege. Huwa nawadanganya. Nilihamia mchana ule, sebuleni kwa Tabitha.