Ubao wa Mwalimu wa Kuchora

Tarehe 9 Mei 1960, mwalimu wa kuchora wa skuli ya Vitongoji alikubaliwa na vyuo viwili vya sanaa: kimoja Mombasa, karibu na pwani, kingine Kampala, chenye walimu bora zaidi. Maji yakijaa alfajiri, hulalia ubao wa mtumbwi mkongwe mpaka wimbi limlete ufukweni. Wanafunzi wakiona nywele zake zimerowa hujua bahari imejaa, na chaki humganda vidoleni.

"Ziwa la huko Kampala hujaa na kupwa?" alimuuliza mwalimu mkuu wa skuli yake.

"Ziwa ni ziwa, bwana. Wenda kuchora au kuogelea?"

Mwalimu wa kuchora hakucheka. Jana aliukata ule ubao kwa msumeno, akaupiga msasa uwe wa kuchorea. Jumatatu anasafiri kwenda Kampala.