Nilivyowagombanisha bibi wawili ili mwanangu mwenye manjano afike hospitali

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Haya yalitokea nyumbani kwangu, Bagara, hapa hapa Babati. Mashahidi wapo, ila bado wamenuna.

Baba mdogo alitamka mbele ya watu: "Huyu na diploma yake ya umeme hawezi kumtoa mtoto nje kabla kitovu hakijadondoka. Mama yake atamrudisha ndani kwa mwiko."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mzazi na mchanga wanakaa ndani, pazia limeshushwa, asije akapita mwenye jicho baya.

Mimi niliondoka mji huu na begi moja, nikarudi na diploma, nikajenga, nikanunua miwani. (Ni ya kusomea, msianze.) Lakini mlango wa chumba kile ulikuwa na walinzi wawili: mama yangu na mama mkwe.

Mke wangu akaninong'oneza kwamba mchanga wetu, Elia, analala mno na hanyonyi vizuri.

Nikakumbuka nesi alivyotuonya tulipojifungua: mtoto akiwa manjano, akalegea na kukataa ziwa, mrudisheni haraka. Umanjano ukizidi kwenye damu unaingia kwenye ubongo na kuharibu seli za neva. Mtoto anaweza kupoteza usikivu, au viungo vikakakamaa maisha yake yote.

Sasa kwenye giza lile ungeona nini? Na ningetaja hospitali, vita.

Ndipo akili ya msomi ikafanya kazi. Nikasema kwa sauti: "Mama, hii pua ya Elia ni ya ukweni kabisa."

"Ya wapi?" Mama akaruka. "Hiyo ni ya marehemu baba yako!"

Mama mkwe akamcheka Mama. "Mkwe, wewe huna macho. Pua hiyo ni yetu sisi wa Singe."

"Humu giza, mama zangu," nikasema kwa adabu zote. "Mpelekeni mlangoni mhakikishe."

Wakuu, walikwenda wakigombea blanketi!

Kwenye mwanga, habari ya pua ikafa. Nikaibonyeza pua yenyewe kwa kidole, nikaachia: ngozi manjano. Macho manjano. Hadi nyayo.

"Tumwanike jua la asubuhi," Mama akasema, sauti imeshuka.

"Mama, hii si ya kuanika. Twende."

Bajaji ikajaa. Hakuna bibi aliyekubali kubaki.

Damu ikapimwa. Elia akalazwa bila nguo chini ya taa za bluu, macho yamefunikwa, anatolewa kunyonya tu. Fundi mimi nikamwambia nesi kwamba taa kama ile naweza kuitengeneza nyumbani.

"Baba Elia, hii si taa ya baa. Kaa chini."

Nikakaa.

Umanjano ulishuka, tukaruhusiwa. Lakini mimi niliendelea kujiuliza kimoyomoyo: masikio je?

Siku ya kumtoa mtoto nje rasmi nikawalisha pilau wote walionibeza. Baba mdogo akashiba, halafu akapiga chafya yake ile ya kutawanya ng'ombe.

Elia akashtuka mwili mzima, akaangua kilio.

Watu wakacheka. Mimi nikavua miwani, nikaifuta muda mrefu.

Wenye wachanga, mtazameni mtoto kwenye mwanga wa mchana kila siku. Mkiona manjano, msibishane, nendeni. Mlango ukiwa na walinzi, tajeni pua.

Nyie bibi zenu mliwapitaje? Semeni hapa chini.

Na pua, kwa taarifa yenu, ni yangu.