Mpiga Picha za Pasipoti

Mpiga picha za pasipoti pale mtaani Makiso huinua kidevu cha mteja kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayeonja uji wa moto. "Usicheke," husema, "viza haipendi meno." Zamani alikuwa akiuliza kila mtu: "Unaenda wapi? Mwezi gani?" Kisha anashauri: Januari Ulaya ni baridi, Agosti tiketi ziko juu. Yeye mwenyewe hajawahi kuvuka bahari. Pasipoti yake ilikaa kwenye droo, chini ya mkasi, kurasa zote nyeupe, kwani alikuwa amejiapia kwamba safari ya kwanza itakuwa Makka, ndipo aende Ubelgiji kwa dada yake Kadidja. Kila hija ilimkuta hajawa tayari, naye akazisogeza mbele safari zote mbili. "Yaya, kaka yangu, Makka haihami," Kadidja alimwambia kwenye simu, sauti imekonda kwa ugonjwa. "Ni mimi njo nahama." Akamjibu kwamba mwaka kesho, bila shaka. Mwezi wa kumi Kadidja akazikwa huko huko, na saa ile kaka yake alikuwa ameinua kidevu cha mtu mwingine anayekwenda Ubelgiji.

Siku hizi haulizi mwezi. Juzi mama mmoja alikaa kwenye kiti, akasema bado hajaamua aanze wapi, Dubai kwa biashara au Lyon kwa binti yake. Kidole kikabaki chini ya kidevu chake.

"Nani anakungoja, mama?"

"Mutoto wangu, papa."

Akapiga picha, akazikata haraka, akamkabidhi zikiwa bado na joto la mashine.

"Alors, basi, enda," akasema. "Enda tu."