Pale Unaporuhusiwa Kuacha

Shangazi Verna huwapikia wawindaji wa kulungu kambini, juu ya milima yetu ya Wyoming, Marekani. Kambi ikifungwa kwa ajili ya theluji, hufundisha huduma ya kwanza kwenye kituo cha zimamoto. Mwaka huu nami nilijiandikisha. Nilitaka kujua kwa nini kuna kozi tatu, kana kwamba mtu anasoma kitu kilekile mara tatu.

Si kitu kilekile, alinijibu. Kozi ya kwanza, ya siku mbili, inakufundisha kumshikilia mgonjwa mpaka msaada ufike. Ya pili, ya siku kumi, ni ya mahali ambapo msaada hautafika leo: unarudisha bega lililoteguka, unaamua nani ateremshwe na nani asubiri. Ya tatu ni ya wahudumu wa gari la wagonjwa, wenye oksijeni na daktari kwenye redio.

"Mjini unaendelea kumsukuma mtu kifua mpaka daktari aseme basi," alisema. "Kule juu hakuna wa kukwambia."

Hapo nikaelewa anamsema nani. Mume wake, Orrin, alianguka kule kambini, kando ya zizi la nyumbu wa kubeba mizigo, moyo ukasimama. Wakati huo Shangazi alikuwa na kozi ya kwanza tu. Alisukuma kifua chake kama alivyofundishwa, zaidi ya nusu saa, theluji ikimwangukia mgongoni, mpaka mikono ikafa ganzi na yeye mwenyewe akaanza kutetemeka vibaya. Lyle Bascom, mtunza nyumbu, alikuwa akipokezana naye. Ndiye aliyemtoa pale kwa nguvu.

"Verna, basi. Ameshaenda."

Hakumsamehe. Waliendelea kula meza moja kambini, lakini Lyle akitaka chumvi ilibidi amwombe mtu mwingine.

Shangazi alikwenda kozi ya pili na swali moja moyoni: angekuwa nayo siku ile, Orrin angepona? Alilikwepa mpaka siku ya mwisho. Mwalimu alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akamwambia kwamba bila mashine ya kuushtua moyo, hata mwenye kozi zote tatu angepiga magoti kwenye theluji ileile na angempoteza. Akaongeza kwamba mlimani, moyo kama ule usiporudi kwa nusu saa, unaruhusiwa kuacha, kwa sababu ukiendelea zaidi ya hapo watabebwa wawili, yeye na wewe.

Shangazi alitoka, akapanda gari lake. Halafu akaendesha hadi kwa Lyle. Hakuomba radhi. Alimwambia tu anahitaji mtu wa kujifanya mgonjwa darasani.

Ndiyo maana Jumamosi ya darasa letu Lyle alikuwa amelala sakafuni mbele yetu, kapakwa sosi ya nyanya, akinong'ona kwamba ana njaa na hii damu inanukia chipsi. Tulicheka. Shangazi akapiga magoti, akaweka viganja juu ya kifua chake bila kusukuma, akatueleza jambo ambalo halimo katika kozi ya siku mbili: kwamba ipo siku mtaruhusiwa kuacha, na kuacha si kumtupa mtu.

Lyle, macho yakiwa yamefumbwa, akainua mkono akamshika kiganja.

"Maiti hashiki watu, Lyle," Shangazi alisema.

"Najua, Verna."

Shangazi hakuutoa mkono wake. Nasi tulisubiri mpaka alipokuwa tayari kuendelea.