Majani ya Kufungia Miraa

Dada yangu Istahil haogopi fisi, lakini doa kwenye jani linamtetemesha. Alikulia nyuma ya ng'ombe huko Bura. Ukame ulipowamaliza wote, alihamia hapa Garissa akapanda migomba mia mbili kando ya mto Tana. Hana kingine. Watoto wake wanne wanaishi kwa migomba hiyo, na mimi muuza miraa hula kwao biashara inapolala.

Shamba lake analichunga kama zizi wakati wa ugonjwa wa miguu na midomo. Mgeni huvua viatu getini na kuosha miguu. Hata mimi, ndugu yake wa damu! Nilikuwa namcheka sana.

Mwezi uliopita aliniita kwa sauti iliyonitisha. Majani ya migomba yalikuwa na michirizi ya kahawia, mingine imepanuka ikawa madoa meusi. Siku tatu hakula. Alipita mgomba hadi mgomba akigeuza majani na kusoma Ayatul Kursi, na kila asubuhi alikuta madoa yamefika jani jingine. Niliogopa kwa ajili ya migomba, kisha nikaanza kumwogopea yeye.

Bibi shamba, mama wa Kitui asiye na maneno mengi, alikuja akaliinua jani moja kwenye mwanga.

"Ni kuvu. Inakula jani likiwa hai. Majani yakiisha, ndizi hazijai. Umeleta nini kutoka nje?"

"Wallahi hakuna kitu mimi naleta! Hata kiatu ya mtu inabaki kwa geti."

Bibi shamba aliinama, akaokota jani kavu shinani mwa mgomba. Nililitambua mara moja. Miraa yangu huletwa kutoka milimani ikiwa imefungwa kwa majani ya mgomba. Mwaka mzima nilikuwa nikimpa Istahil majani hayo bure, atandaze jua lisikaushe udongo. Nilijiona mkarimu kweli. Jani lile lilikuwa na michirizi ileile.

"Hata likikauka, ugonjwa unabaki ndani," alisema Bibi shamba. "Kateni yote yenye madoa, myazike mbali. Mkiwahi, mtaokoa kiasi. Haya mmempa nani mwingine?"

Istahil alinitazama. Sikuwahi kumwona na uso ule, hata ng'ombe wa mwisho alipoanguka.

"Rahmo," alisema.

Rahmo ni jirani, mjane aliyepanda migomba msimu huu baada ya kumwona Istahil akivuna. Asubuhi hiyohiyo tulikuwa tumempelekea magunia matatu ya majani, akatuombea dua.

Tulikimbia. Tulipopita uani kwake nikaona magunia matupu yameanikwa juani, na migomba yake midogo yote imezungushiwa majani yangu, imeshamwagiwa maji. Rahmo alitupungia mkono uliojaa udongo.

"Vueni viatu kwanza!" aliita akicheka. "Siku hizi na mimi nachunga kama Istahil."

Istahil akainama kuvua viatu, huku analia.