Shemasi Wanis na Mlango wa Nyumba ya Njiwa

Shemasi Wanis alizaliwa mwaka 1931 katika kijiji cha Kom Bishara, Misri ya Juu, mtoto wa Abadir mfumaji na mkewe Mariham. Akiwa na miaka saba aliimba sala ya Ijumaa Kuu bila kukosea, akatoka kanisani anarukaruka. "Mama, nimewashinda wote!" Mama akamziba mdomo. "Nyamaza we, wasije wakakutia jicho baya! Ukiulizwa, sema umebahatisha." Tangu hapo kila aliposifiwa alijibu kwamba amebahatisha.

Alitamani ukasisi maisha yake yote. Mkewe Teresia, shangazi yangu, ndiye pekee aliyejua, kwa kuwa aliwahi kumkuta akiinua mkono kuubariki ukuta.

Kwetu Wakopti, ambako kasisi huwa na mke, hakuna aliyepata ukasisi kwa kusema ndiyo. Aliyechaguliwa alikataa, akakimbia, wanaume wakamkamata na kumfikisha kwa askofu akilia. Abuna Fanus, kasisi wetu, alitolewa kwenye nyumba ya njiwa ana manyoya kichwani, na alikisimulia kisa hicho kwa kicheko hadi kufa kwake.

Alipokufa, mwaka 1968, waumini wote walimtaja Wanis. Wanis akaanguka miguuni pa askofu. "Sayidna, mimi ni mavumbi. Sistahili." Kisha akatimua mbio. Wanaume wakakunja mikono ya kanzu. "Leo njiwa watatukoma!" alisema Hedra mchinjaji. Lakini askofu alikuwa mgeni, mzaliwa wa Aleksandria. Akawazuia.

"Msimguse. Amesema hapana."

"Sayidna, hiyo hapana ni ya adabu tu. Tupe dakika mbili tumlete."

"Unyenyekevu wa namna hii haulazimishwi," alisema askofu, machozi yakimlenga. Akaletwa kasisi kutoka mjini.

Wanis alikaa kwenye nyumba ya njiwa mpaka kengele ya sala ya jioni ilipolia. Akashuka mwenyewe.

Kwa miaka thelathini na mitano alioka mkate wa madhabahu, akifunga na kuimba zaburi kila alipokanda. Hakumsema mtu vibaya. Mama mmoja alimpaka mwanawe mwenye degedege unga uliobaki mikononi mwa Wanis, na degedege halikurudi tena. Makasisi walihubiri: "Mwigeni Wanis, aliyekimbia heshima!" Naye alibaki kando ya tanuri, ameinamisha kichwa, na watu wakazidi kumsifu kwa kuinamisha kichwa.

Alifariki mwezi wa Kiahk, majira ya Krismasi, mwaka 2003. Kasisi alimwinamia kitandani. "Furahi, Shemasi. Uliikataa heshima ya dunia."

Wanis akamtazama. "Abuna," alisema, "mlango wa nyumba ya njiwa sikuufunga."

Kasisi akamtuma mtu aende kuufunga. Shangazi alijifunika uso kwa shela yake, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Sasa picha ya Wanis imetundikwa kanisani, njiwa wamemzunguka, na wagonjwa huigusa. Anayetaka kumwiga, amwige katika mkate na uvumilivu wake. Lakini mwanawe akitoka kanisani anarukaruka, asimzibe mdomo.